Nyumba bomba huanzia kwenye bomba!

USIOMBE yakukute, msomaji wangu. Ilikuwa Jumamosi, majira ya saa moja jioni. Nimetulia sebuleni kwangu Kivule natazama mpira, mguu mmoja juu ya mwingine kama bwana mkubwa. Mara nikasikia yowe kutoka jikoni. Nikaruka. Nikamkuta mke wangu kaketi chini, sufuria limepinduka, mkono wake wa kulia kaukumbatia kifuani kama mtu aliyeumwa na nyoka.

"Koki imenipiga," ndilo neno aliloweza kulitoa.

Nikadhani kachanganyikiwa. Koki inampigaje mtu? Kwa ujuaji wangu wa mjini nikanyoosha kidole ili niiguse mwenyewe. Namshukuru Mungu jirani yetu alikuwa kesha kuja mbio kwa lile yowe, akaniwahi shati na kunivuta nyuma. "Zima swichi kubwa kwanza, wewe!" akanifokea. Nikazima. Nyumba nzima giza totoro, ila kiyoyozi changu kilichokuwa kinanguruma chumbani ndiyo kwanza kikanyamaza, na hapo ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nihamie: tone, tone, tone, ndani ya ukuta.

Tulikwenda zahanati usiku uleule. Daktari alimpima moyo akasema yuko salama, ana ganzi tu ya mkono. Ganzi iliisha asubuhi. Hofu haikuisha. Jumapili mama watoto mtarajiwa akafungasha kibegi chake, akaniambia kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele: "Nyumba yako nzuri, mume wangu. Nitarudi siku ikiwa na koki zisizopiga watu." Huyoo, kwa mama yake Temeke.

Mbaya zaidi, mama yangu mzazi alikuwa njiani kuja kutoka Lushoto kukaa nasi miezi mitatu kwa ajili ya matibabu ya mguu. Nilikuwa na wiki tano tu.

TAJIRI, HII KAZI YA UHAKIKA

Nirudi nyuma kidogo. Vyumba viwili na sebule nilivijenga kwa staili yetu ya Dar. Mshiko ukiingia, tofali. Mshiko ukikata, nyasi zinaota ndani ya msingi. Miaka minne! Washkaji wa kijiweni wakanipachika jina la "Landilodi" hata kabla sijaezeka.

Fundi uashi alimaliza kuta, akapiga lipu, akachukua chake akaondoka. Akaja fundi bomba na tindo na nyundo, akauchimba ukuta uleule ambao nilikuwa nimetoka kulipia lipu yake. Wiki mbili baadaye akaja fundi umeme, naye akachimba pembeni kabisa mwa mfereji wa bomba, kwa sababu hapo palikuwa pameshalegea. Mwisho akaja fundi rangi, akafunika madhambi yote. Pakapendeza mpaka nikapiga picha nikawatumia ndugu. Kila nilipouliza swali, jibu lilikuwa moja: "Tajiri, hii kazi ya uhakika." Na mimi bwana nikiitwa tajiri huwa nanyamaza.

Jumatatu nilimpigia simu binamu yangu, ambaye ni fundi bomba aliyezunguka sana kwenye ujenzi wa mahoteli. Alikuja na tindo lake, tukabomoa vigae vya jikoni. Tuliyoyakuta yalitaka moyo. Kiungo kimoja cha bomba la chuma kilikuwa kinavuja taratibu, pengine tangu siku ya kwanza. Tofali limelowa kama sifongo. Waya uliochubuliwa na msumari umelala juu ya bomba. Na ule waya wa ardhini, ambao mafundi wanauita eathi, uliishia ndani ya lipu. Haukufika ardhini kokote, ulikuwa pambo tu.

Nikaanza kumlaani fundi umeme. Binamu akanikata kauli.

"Binamu, usimbebeshe mtu mmoja mzigo wote. Umewaita mafundi watatu wagombanie ukuta mmoja, kila mmoja kwa siku yake, na hakuna aliyepima kazi ya mwenzake kabla haijafunikwa. Hii ngoma ungeipata tu."

BAFU LINAPANDA LORI

Basi pale pale juu ya kifusi akanipa darasa ambalo nataka wewe kijana unayejenga, au unayeota kujenga, ulisome mara mbili.

Kwenye mahoteli makubwa, alisema, siku hizi hatuchimbi kuta. Bafu linatengenezwa kiwandani likiwa zima: sakafu, kuta, bomba, nyaya, taa, hata kioo cha kujitazamia. Linapimwa kulekule. Halafu linapanda lori, linanyanyuliwa kwa winchi, linakaa mahali pake, linaunganishwa maji safi, maji machafu na umeme. Kwisha kazi.

Nikadhani ananizuga, nikaenda kufuatilia mwenyewe. Kumbe ni mambo ya zamani! Mwaka 1964 mji wa Tokyo ulikuwa mwenyeji wa Olimpiki, na hoteli ya New Otani ilikuwa inajengwa mbio mbio kuwahi wageni. Ilihitaji mabafu zaidi ya 1,000. Ungewaita mafundi wa kuchimba bafu moja moja, michezo ingekwisha wageni wakiwa bado wanaogea ndoo. Kampuni ya TOTO ikayatengeneza mabafu kwa vipande kiwandani, yakafungwa hotelini kwa muda mfupi. Leo mabafu ya namna hiyo ni kitu cha kawaida kabisa Japani, hata kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Waingereza nao walishafika huko kabla. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 miji yao ilikuwa vifusi na askari wanarudi kuoa. Serikali ikaagiza nyumba za kuunganisha, zikajengwa zaidi ya 150,000 katika miaka michache. Aina moja ya aluminiamu ilitengenezwa kwenye viwanda vya ndege na kufika kwenye kiwanja ikiwa vipande vinne juu ya malori. Utamu wa nyumba zile ulikuwa katikati: jiko na bafu vilipeana mgongo, vikitumia ukuta mmoja uliotoka kiwandani na mabomba yake yote. Kulikuwa na maji ya moto na hata jokofu, wakati familia nyingi za wafanyakazi hazikuwa hata na bafu la ndani. Zilikusudiwa kudumu miaka 10 hivi. Baadhi, kama zile za Catford kule London, zilikaliwa zaidi ya miaka 60!

"Kwa hiyo unataka niagize bafu Japani?" nikamuuliza binamu.

Akacheka. "Nataka ukodi karakana ya kuchomelea hapo Buguruni kwa siku sita."

UKUTA WENYE MLANGO

Hesabu yake ilikuwa hivi. Nyumba ina sehemu mbili, kavu na mbichi. Kavu ni vyumba vya kulala na sebule, ambako ukikosea kidogo utapata ufa tu. Mbichi ni jiko, bafu na choo. Huko ndiko pesa, ugomvi na hatari vinakolala. Sehemu kavu jenga pole pole kwa kadiri ya mfuko wako, hata miaka kumi. Sehemu mbichi itengeneze kama kitu kimoja, mahali pakavu, mezani, ukiwa na mwanga, na mafundi wote wawepo siku moja.

Tulitengeneza fremu ya chuma cha mraba, urefu mita 2.4, kimo mita 2, unene sentimita 30. Upande mmoja ni jiko, wa pili ni bafu na choo. Katikati mnapita mabomba yote. Maji upande wa chini na kushoto. Umeme juu na kulia, ndani ya mfereji wake wa plastiki wenye kifuniko. Hakuna soketi karibu na koki. Kila tundu la maji limepewa koki yake ya kufungia, kwamba shawa ikiharibika usizime maji ya nyumba nzima.

Umeme sikuupeleka kwa mtu wa kubahatisha safari hii. Nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, akafunga ile swichi inayonusa umeme ukivuja. Umeme ukipotea njia kwa miliampia 30 tu, inakata kabla hujamaliza kusema "mama!" Halafu akapigilia fimbo ya shaba ardhini, akaunga eathi, akaipima kwa mita mbele ya macho yangu.

Sasa sikia sehemu iliyonifanya niamini. Kabla ya kupakia, binamu aliziba matundu yote, akajaza maji, akayasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa geji ukapanda. Tukaliacha hivyo usiku kucha. Asubuhi mshale umeshuka. Jamani! Nilitaka kulia. Binamu akapita na karatasi ya chooni, akifuta kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka karatasi ikalowa kwenye elbo ya shawa. Akaikata, akaweka nyingine. Dakika kumi. Fikiria hiyo elbo ingekuwa chini ya vigae Kivule. Ningeijua baada ya mwaka, kwa yowe lingine.

Siku ya saba ukuta wetu ulipanda Canter. Vijana sita wakaushusha, ukafungwa kwa boliti kwenye zege. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. "Landilodi kaleta kabati!" Tuliunga maji yanayoingia, umeme unaoingia na maji machafu yanayotoka. Hapo kwenye maji machafu usikubali mtu akufanyie kwa macho: bomba la kwenda kwenye shimo tuliliinamisha sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Jioni ile koki ilitoa maji.

MNARA ULIOKUFA KWA MABOMBA

Nilitaka tuufunike kwa vigae pande zote, upendeze. Binamu akagoma kabisa, akanisimulia habari ya mnara wa Nakagin.

Ni jengo lililokuwa maarufu Tokyo, mchoraji wake akiitwa Kisho Kurokawa. Lilikamilika mwaka 1972. Lilikuwa na vyumba 140 kama maboksi, kila kimoja na kibafu chake, vyote vikitoka kiwandani na kufungwa kwa boliti nne kwenye nguzo mbili kubwa za zege. Mpango ulikuwa kila boksi libadilishwe baada ya miaka 25. Dunia nzima ikapiga makofi.

Halikubadilishwa hata moja. Kulitoa la chini ilibidi kwanza uyatoe ya juu yake, na wenye vyumba walikuwa wengi, kila mtu na mfuko wake. Mabomba nayo yalipita mahali fundi hafiki kirahisi. Yakaoza. Mwaka 2010 maji ya moto yakakatwa, na mwaka 2022 mnara ukavunjwa. Vyumba 23 ndivyo vilivyookolewa viwe kumbukumbu.

"Usipoweza kuingiza mkono, hujajenga nyumba ya vipande, umejenga jeneza la bomba," alisema binamu.

Basi ukuta wetu una mlango wa mbao laini, kama kabati, upande wa jikoni. Ukifungua unaona kila bomba na kila waya. Vigae viko upande wa bafuni, na kule kwenye koki tu.

KIYOYOZI KILINITOA UDHIA

Kimbembe cha pili kilikuwa LUKU. Nilikuwa nanunua uniti 20, hazifiki siku tatu. Kijana wa mjini nilijidai na kiyoyozi cha mtumba, na mabati yangu hayakuwa na dari. Saa nane mchana ukiweka mkono juu karibu na bati, unaweza kukaanga yai.

Fanya hesabu nami. Kiyoyozi kidogo cha chumbani kinakula karibu wati 1,000 kikiwa kinasukuma. Chumba chenye bati la moto hakikipi nafasi ya kupumzika, kwa hiyo saa nane za usingizi zinaweza kukugharimu mpaka uniti 8. Feni ya wati 60 kwa saa zilezile haifikishi hata nusu uniti. Pesa yangu nilikuwa nalipia kupoza bati, siyo kupoza watu.

Hili nalo lina kisa chake, na kilitokea Afrika yetu hii. Mfaransa Jean Prouvé alibuni nyumba ya kuunganisha ya chuma na aluminiamu kwa nchi za joto, vipande vyake vyepesi kiasi cha kusafirishwa kwa ndege. Moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, mbili Brazzaville mwaka 1951. Alichokifanya ni kuliwekea paa tabaka mbili na nafasi katikati, ili hewa ya moto ipande na kutokea juu. Pembeni akaweka baraza yenye vizuia jua vya kugeuza, na jua halikuugusa ukuta wa ndani. Joto akalizuia nje kabla halijaingia.

Lakini ilikuwa ghali, na watawala wa Kifaransa hawakuipenda. Zikaishia hizo tatu. Mwaka 2007 mojawapo ilipigwa mnada New York kwa karibu dola milioni 5! Nyumba iliyobuniwa iwe rahisi, leo ni pambo la matajiri. Wazo lake lakini ni la bure, na mimi nililichukua.

Nilipiga dari. Nikaacha matundu yenye wavu chini ya upenu na mengine juu kwenye pembe za paa, hewa ya moto ipate pa kutokea. Nikapaka bati rangi nyeupe. Nikatoboa dirisha la pili chumbani, upande unaotazamana na lile la kwanza. Sisi wa pwani tuna upepo wa bure wenye majina yake: kusi unavuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hivi. Ukiweka madirisha kusini na kaskazini, na kuta za mashariki na magharibi ukaziacha na matundu machache, upepo unaingia na jua la jioni linabaki nje.

Kiyoyozi nikakiuza. Hela yake ikaezua shida ya maji ya moto ya mama. Watu wa Lushoto bwana hawaogi maji baridi hata uwape Dar ya Februari! Shawa ya umeme ya wati 4,000 inamaliza uniti nzima kwa robo saa. Tukaweka paneli la kuchemsha maji kwa jua, tangi lake juu ya paneli. Maji yakipata moto yanapanda tangini yenyewe, bila pampu wala umeme. Na kwa kuwa shawa iko kwenye ukuta uleule chini yake, bomba ni fupi. Bomba la nusu inchi likiwa refu mita 10, zaidi ya lita moja ya maji ya moto inabaki humo na kupoa kila mtu akimaliza kuoga.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Sitaki kukupiga changa la macho. Kutengeneza ukuta mmoja kwa mtu mmoja hakukuwa bei ya karanga. Karakana, chuma, Canter na vijana wa kubeba, ukijumlisha ni karibu sawa na kuchimba kuta kwa njia ya kawaida. Faida niliiona kwenye siku, na kwenye kutobomoa mara ya pili. Wangekuwa majirani watano wanajenga pamoja na kukubaliana kipimo kimoja, hapo ndipo bei ingeshuka, maana fundi akishatengeneza wa kwanza, wa pili anautengeneza akipiga mluzi.

Tena angalia njia ya kwako. Kwetu Canter inafika mlangoni. Kama kwenu ni kichochoro cha kupita bajaji kwa kubana pumzi, ufanye ukuta uwe vipande viwili vya kuungana. Na pima mlango wako mara tatu, maana tundu la mlango haliongezeki kwa dua.

Kubwa kuliko yote: usimlipe mtu hela ya mwisho kabla hujaona mshale wa geji ukilala na kuamka palepale, na mita ya umeme ikisoma mbele yako. Aliyefanya kazi safi hatakasirika.

Wiki ya tano, siku mbili kabla basi la mama halijafika, nilikwenda Temeke. Mama mkwe alinipa chai, akaniacha nijieleze. Mke wangu alinyamaza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Naweza kuyaona hayo mabomba?"

Tulifika Kivule jioni. Hakuangalia dari wala dirisha jipya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kabati, akaufungua, akamulika kwa tochi ya simu juu mpaka chini, bomba kwa bomba. Akapitisha kiganja chini ya viungo. Pakavu. Halafu akasimama mbele ya koki. Nikamwona anasita, vidole vinacheza. Nikatangulia mimi, nikaishika kwa mkono mzima, nikaifungua. Akaniangalia usoni kwa muda, kisha naye akaishika.

Mama amekaa miezi minne badala ya mitatu, anasema maji ya Dar ni matamu. Ufunguo wa ule mlango anao mke wangu, na kila Jumapili lazima apige tochi yake. Mimi nimeshazoea.

Kwa leo niishie hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na ukirudi nyumbani leo hebu tega sikio ukutani.